Akala za Fundi Mulwa

Fundi Mulwa alilala chali kando ya mashine yake, viganja vyote viwili vimeungua, na hakuna mtu soko zima la Kikima aliyethubutu kuvuka kizingiti cha karakana. Hata konstebo aliyetumwa kulinda mwili alikuwa amesimama nje, mbali kidogo na mlango.

"Stima imekatwa?" aliuliza Inspekta Wayua.

"Imekatwa, Afande. Lakini hii kitu huwezi kuiamini."

Wayua aliogopa stima kuliko bunduki. Mwenye bunduki angalau unamwona; umeme huuoni. Alivaa glavu, akaingia.

Mashine ilikuwa pampu inayotambua maji chini ya mchanga wa mto na kujiwasha yenyewe. Asubuhi hiyo Mulwa alikuwa aende Nairobi kuitafutia hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi, ili mtu asije akaiiba. Nyuma ya mashine hiyo Wayua aliona waya wa stima umefungwa kwenye ganda la chuma. Fundi wa miaka thelathini hafungi waya hivyo. Huu ulikuwa mtego.

Ukutani palichorwa simu ya kizamani.

"Baba alipenda hiyo hadithi," alisema Ndila, binti wa marehemu, aliyekuwa ameingia nyuma ya inspekta na bahasha kifuani. "Watu wawili walifika ofisi ya hataza siku moja, kila mtu na simu aliyoivumbua. Aliyetangulia akapata jina, mwingine akasahaulika."

Wayua aliona miguu ya marehemu ilikuwa mitupu. "Viatu vyake viko wapi?"

"Akala zake za tairi? Hapo mlangoni."

Zilipangwa vizuri, pamoja, ncha zikielekea nje.

"Alikuwa anafanya kazi bila akala?"

"Hata siku moja! Alisema hizo raba ndizo zinamlinda na stima. Alikuwa anazivua tu akilala, ama akiomba. Kanisani kwetu hakuna kuomba na viatu."

Wayua alitazama tena vile viganja. Mtu anayeshika waya hukunja vidole. Mulwa alikuwa ameweka viganja bapa juu ya chuma, vyote viwili, kama mtu anayeombea kitu.

"Hii mashine ilikuwa imeombewa?"

"Bado. Alisema haiwezi kuenda Nairobi bila maombi."

"Nani angeiombea?"

"Mzee Ndolo. Walikuwa wanaitengeneza pamoja."

Ndolo, mzee wa kanisa, ndiye aliyepiga mayowe asubuhi. Aliitwa, akaingia na Biblia kwapani.

"Nilimkuta ashakufa," alisema kabla hajaulizwa.

"Pole, Mzee. Kabla tuichukue, tuombee hii mashine. Vua viatu."

Ndolo alivua polepole, akaviacha mlangoni.

"Sasa weka mikono."

Mikono haikuinuka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola.

"Mzee, si stima imekatwa?"

"Sitaki."

"Unaogopa nini?"

"Sitaki kuigusa!" Alirudi nyuma mpaka ukutani. "Nilimwambia afumbe macho tuombe. Akafumba. Nikawasha swichi. Mungu wangu, hata amina hakusema."

Konstebo mlangoni alijishika kichwa. Wayua jibu hilo alikuwa ameshalijua; sababu hakuijua.

"Kwa nini?"

"Miaka sita nimesokota koili za waya za hiyo pampu kwa mikono yangu! Jana niliona fomu ya hataza mezani. Jina ni lake peke yake. Alinifundisha mwenyewe, anayefika kwanza ndiye mwenye kitu. Nilitaka nifike mimi."

Ndila alifungua bahasha, akatoa ile fomu. Alifunua ukurasa wa kwanza, akamwekea Ndolo wa pili mbele ya macho. Wavumbuzi walioandikwa walikuwa wawili. Jina la Ndolo lilikuwa juu, la Mulwa chini yake.

"Ule wa kwanza ni wa anayepeleka ombi," alisema, na machozi sasa yakamtoka. "Hii alitaka kukuonyesha mkimaliza kuomba."

Ndolo alilisoma jina lake. Wayua alimfunga pingu, akamtoa nje akiwa pekupeku, na viatu vyake vikabaki mlangoni kando ya akala za Mulwa.