Mpangaji wa Chumba cha Uani

Munir alishuka kwenye basi la kutoka Kibaigwa jua likizama, vumbi la mahindi limemganda shingoni. Hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda hadi Ntyuka, akaione mara ya mwisho nyumba iliyokuwa ikiuzwa, kisha aamue.

Na kuamua kulikuwa kumemshinda. Miaka kumi na mmoja yeye na mkewe Rukaya walikuwa wapangaji, wakioga kwa zamu na kununiwa na mwenye nyumba kila wakichelewa kuzima taa. Akiba yao ilitosha nyumba moja tu. Rukaya, mwenye mimba ya miezi minane, aliitaka ya kukaa. "Mwanangu asizaliwe kwenye chumba cha watu," alisema, na kila akisema alilia. Munir aliitaka ya kupangisha. Wao wangevumilia kwanza. Subira yavuta heri, alimwambia, kana kwamba mimba nayo husubiri.

Mzee Matonya, jirani aliyetunza ufunguo, alimngoja kwenye ua wa minyaa. Hakuuvuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia mwenyewe. Ila mwanangu… ukisikia mtu anabisha hodi humo, nyamaza."

"Nani atabisha nyumba tupu?"

Mzee alimkabidhi ufunguo. Munir, mtu wa soko, alidhani mzee ana mnunuzi wake pembeni na anamtisha yeye aondoke.

Ndani kulinuka udongo uliolowa. Ilikuwa Agosti, na mvua haijanyesha tangu Aprili. Sebule ilikuwa pana, vyumba viwili, na kingine cha peke yake uani. Akamwona Rukaya moyoni, ameketi pale kwenye mkeka, mtoto mapajani. Roho ikamlainika. Hii ni ya kukaa, akaamua, na kwa mara ya kwanza maishani alijiona yuko kwake.

Ngo… ngo… ngo.

Mlango wa uani.

"Hodi," ilisema sauti taratibu, sauti ya mtu aliyechoka kutembea.

Miaka yote hiyo Munir hakuwahi kumkaribisha mtu kwenye mlango wake mwenyewe. Ulimi ukamtangulia.

"Karibu!"

Komeo likajifungua. Hapakuwa na mtu. Ubaridi ukampita ubavuni, harufu ya udongo ikazidi, na nyuma yake, karibu kabisa na sikio…

"Ahsante, baba mwenye nyumba."

Alikimbia hadi kwenye minyaa, kiatu kimoja kikabaki ndani. Matonya alimtazama kwa huruma.

"Umeitikia."

"Ni nani yule, mzee?"

"Sijui. Wa kwanza aliinunua akae. Wa pili akapangisha. Wote walihama, naye akahama nao. Walipokufa, akarudi humu. Yeye hashiki nyumba, mwanangu. Humshika aliyemkaribisha."

Munir na mkewe hawakuinunua. Walinunua nyingine ya kukaa, Nala, upande wa pili wa mji. Rukaya alipiga vigelegele peke yake. Munir alifukiza ubani, akaita ustadhi akasoma dua, asimwambie mkewe kitu.

Siku ya tatu, magharibi, udongo ulinuka. Ngo… ngo… ngo. Ndipo akamweleza yote, na Rukaya akakaa chini, hana hata machozi. Wauze? Waende wapi? Wakipanga, watafuatwa, wakinunua, watafuatwa. Tangu hapo hawakumwitikia mtu baada ya magharibi, na majirani wakasema wale wana maringo. Kila jioni walishikana mikono gizani, wakingoja sauti ile ichoke. Haikuchoka.

Jana ilibisha kama kawaida. "Hodi," ilisema. Walinyamaza. "Hodi."

Binti yao Shamila, wa mwaka mmoja, ambaye hajawahi kusema hata mama, aliacha kuutafuna mkate wake. Akageukia mlango, akacheka.

"Kaibu," alisema.

Rukaya alimziba mdomo. Alichelewa.

Komeo likajifungua. Ubaridi ukawapita wote wawili bila kusimama, na sauti ikatoka chini kabisa, usawa wa mkeka alipokaa mtoto.

"Ahsante, mama mwenye nyumba."