Siwatu na Ngoma ya Mchanga wa Moto

Sogeeni, wadogo zangu, hadithi imeingia uani.

Siwatu alikuwa msichana mdogo wa Kilwa. Alipenda ngoma kuliko halua.

Siku hiyo shangazi yake, Rukia, alikuwa anaolewa. Uani palitandikwa mkeka mkubwa. Kwao, ngoma ya harusi huchezwa mkekani, miguu mitupu.

Mjomba Shomari akaanza kupiga ngoma.
Ndu, ndu, paa! Ndu, ndu, paa!

Siwatu akavua ndara zake. Akakimbilia mkekani.

"Mkeka umejaa pomoni!" akasema binamu yake mkubwa, Mwanahija. "Kaa pembeni utazame."

"Sikuja kutazama," akasema Siwatu. "Nimekuja kucheza."

"Utachezea wapi? Juu ya paa?"

"Hapa hapa!"

Siwatu akasimama mchangani. Lo! Jua la mchana lilikuwa limeuchoma mchanga.

Mguu wa kulia ukaungua. Akauinua. Mguu wa kushoto ukaungua. Akauinua.

Moto, moto, ruka!
Moto, moto, geuka!

"Jamani, kaingiwa na siafu!" Mwanahija akacheka. Watu wote wakacheka.

"Mjukuu wangu, vaa ndara," akasema Bibi.

"Bibi, ngoma ya harusi haichezwi kwa ndara!"

Siwatu akaruka tena. Safari hii akatikisa na mabega.

Moto, moto, ruka!
Moto, moto, geuka!

Mjomba Shomari akamtazama miguu. Akaacha mdundo wake wa zamani. Akamfuata Siwatu.
Ndu-paa, ndu-paa, ndu!

Bibi harusi akachungulia dirishani. "Ngoma gani hiyo? Mbona tamu hivyo?"

Bibi yake Siwatu akashuka kutoka mkekani hadi mchangani ili aijaribu. "Mama wee!" Akaruka juu kama mwanambuzi.

Akashuka mama yake Siwatu. Wakashuka majirani. Vigelegele vikajaa uani.

Moto, moto, ruka!
Moto, moto, geuka!

Mwanahija akabaki mkekani peke yake. "Siwatu," akaita kwa sauti ndogo, "nifundishe."

Siwatu akamnyooshea mkono. "Shuka tu, dada. Mchanga utakufundisha."

Mwanahija akashuka. "Ss! Ss! Uwii!" Akaruka, akageuka, akacheka.

Jioni, Mama alimwosha Siwatu miguu. Akamlaza kitandani.

Kutoka mtaa wa pili zikaja sauti za watoto. Mchanga ulikuwa umeshapoa. Lakini wao walikuwa wanaruka vilevile.

Moto, moto, ruka!
Moto, moto, geuka!

"Mama, nani amewafundisha?" akauliza Siwatu.

"Wewe," akasema Mama.

Siwatu akatabasamu. Akalala fofofo.