Aliyeitika "Karame"

Nilishasema hadithi hii siisimulii tena, na bado mmekuja kujipanga kwenye mkeka wangu kama kuku waliosikia mchele unamwagika. Tena msinidanganye kwamba mnatafuta mafunzo. Mnatafuta kuogopa. Mtu mzima anayetaka kuogopa si akakae na mama mkwe wake siku moja? Haya, shikeni maharage hayo mchambue huku mnasikiliza. Atakayeniuliza "halafu?" kabla sijafika, nje.

Na mtu asiniambie majini hutoka usiku. Jini halina saa. Hili lilitoka asubuhi, jua limewaka, watu wameshika vikombe vya chai.

Ilikuwa Masoro, kwa Wanyarwanda, kwenye ghala moja la baridi, la kutunza nyama na maua kabla hayajapelekwa kupanda ndege kwenye uwanja wa Kanombe. Hapo alikuwapo mwanamke anaitwa Gahongayire, mtaalamu wa usalama kazini. Kazi yake ukiivua madaraja na vyeti ni moja tu: aliyeingia mzima atoke mzima. Maana baridi ya ghala lile ilitengenezwa na amonia, gesi inayonuka kama mkojo uliofungiwa chumbani. Ukiinusa kidogo, unalia. Ukiinusa sana, hulii tena.

Kila asubuhi Gahongayire aliwakusanya watu getini, chini ya kibao cha kijani, mahali pa kukimbilia gesi ikivuja. Aliita majina kwa kichwa, bila orodha, kuwazoesha, ili siku ya hatari kila mtu ajue pa kusimama. Na kila mtu aliitika kwa lugha iliyomlea. "Niko!" "Prezenti!" "Iko hapa, Madamu!"

Asubuhi hiyo ulimi ulimteleza, akamwita Nyirahabimana, ambaye alikuwa nyumbani likizo ya uzazi.

"Karame," sauti ikaitika.

Watu wakageuka. Nyinyi mliolelewa na simu huenda hamjui. *Karame* ni itikio la Wanyarwanda wenye adabu: mkubwa akikuita, unamwitika kwa kumwombea aishi sana. Pale kazini aliyekuwa akiitika hivyo ni mtu mmoja, Audace, mwosha sakafu, tena aliivuta mpaka mwisho, *karameee*, watu wakacheka. Na Audace walikuwa wameshamzika.

"Nani anafanya mchezo huu?" Gahongayire aliuliza.

Macho yote yakamgeukia Ntare, msimamizi wa zamu, kwa sababu Ntare alijua kuigiza sauti ya kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mbuzi wa jirani.

Ntare akaonyesha mashavu yaliyotuna. Akatafuna, akameza. "Madamu, mdomo huu umejaa chapati. Chapati ndiyo imeitika?"

Hakuna aliyecheka.

Sasa mjue Audace alikufaje. Mwezi uliotangulia, bomba lilipasuka katika chumba cha mashine. King'ora kikalia, watu wakakimbilia kibaoni, upande upepo unakotoka, kama walivyofundishwa. Gahongayire alikuwa ameshavaa barakoa yake na mtungi wa hewa mgongoni, tayari kuingia akikosekana mtu. Akaita majina. Alipofika kwa Audace, sauti ikatoka nyuma ya watu, karibu na ukuta: "Karameee!" Hesabu ikatimia. Akafungua mkanda wa mtungi, akawaambia zimamoto, "Ndani hakuna mtu." Wakafunga milango, wakaanza kumwaga maji kuizima ile gesi.

Jioni wakamkuta Audace nyuma ya mlango wa chumba cha mashine. Alikuwa ameupiga na kuukwaruza mlango ule mpaka kucha zikabaki humo.

Wa kwanza kusema "jini" alikuwa Ntare. Alisema pale palikuwa na chemchemi kabla ya kujengwa, na kila chemchemi ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeitika kwa sauti ya Audace. Alilisema kwenye chai, akalisema msibani, akalisema hata mbele ya wakaguzi wa serikali waliotoka Kacyiru na viatu vyao vya kung'aa. Watu wakaamini. Jambo zito likipata wa kulibeba, nani atalirudisha?

Gahongayire peke yake hakuamini, wala hakukataa. Kila akifumba macho aliuona mkono wake mwenyewe ukifungua ule mkanda. Alitaka kujua aliyeitika. Na tangu asubuhi ile ya Nyirahabimana alikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo: gesi ikivuja tena, na majina yakaitikiwa na asiye mtu, atajuaje aliyebaki ndani?

Mambo hayakungoja. Harufu ya amonia ikaanza kuwapita watu jikoni na chooni, na kipimo cha Gahongayire kikiletwa kinasema hakuna kitu. Kwenye kioo cha mlango wa chumba cha mashine barafu ikawa inaganda kwa umbo la kiganja, upande wa ndani, wanaifuta, inarudi. Dereva mmoja Mtanzania aliita kwenye redio ya mkononi, "Mugenzi, upo?" na kabla Mugenzi, mmoja wa wafanyakazi wa ghala, hajabonyeza kitufe cha redio yake, sauti ikasema, "Karame." Dereva yule aliacha kofia yake pale pale na hakurudi kuichukua.

Ndipo wakamleta Swafiya kutoka mtaa wa Biryogo, fundi cherehani mwenye kisomo cha majini, mwanamke asiye na haraka. Alifika na chetezo na mkaa.

"Mama, samahani," Gahongayire akamzuia getini. "Hapa moto hauwashwi. Gesi hii ikijaa inaweza kulipuka."

"Hata ubani?"

"Hata ubani, Mama."

Swafiya akamtazama, akampa chetezo mlinzi. "Sawa. Ubani si nguo ya harusi, kwamba bila huo siingii."

Akaenda mpaka kwenye ule mlango, akaweka sikio kwenye kioo. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo ikisoma. Aliporudi kibaoni sikio lilikuwa limepauka kwa baridi.

"Limo," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini halikuwapo siku yule kijana alipokufa. Mmelisingizia. Mtu aliitika, akasema ni jini. Na jini si mtu wa kusingiziwa bure, wallahi. Limesikia linatajwa kwa kazi ambayo halikuifanya, limekuja kuifanya."

"Linatokaje?" Gahongayire akanong'ona.

"Aliyeitika siku ile asimame hapa, aseme kwa mdomo wake mbele ya watu. Asiposema, litauchukua huo mdomo."

 Gahongayire aliwatazama mmoja mmoja. Ntare akakohoa, akaweka mkono kiunoni kama Swafiya, na kwa sauti ile ile ya Swafiya, hata pumzi zake, akasema, "Ubani si nguo ya harusi, wallahi!"

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta sababu. Swafiya alichukua chetezo chake. "Cheka, baba," alimwambia Ntare. "Sauti nzuri hiyo. Itunze."

Siku ilipokuja ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. King'ora kikalia, na safari hii kabla ya king'ora ilikuja harufu, ya kweli, yenye meno, inayotafuta palipo na maji mwilini mwa mtu, machoni, puani, kooni, kwapani. Watu wakatoka mbio, wamejifunika nyuso kwa nguo mbichi, wakapanda hadi kibaoni. Gahongayire akajifunga mtungi mgongoni, akaanza kuita.

"Mugenzi!"

"Karame."

Mugenzi alikuwa hajafungua mdomo. Alisimama mbele yake, ametoa macho, akitikisa kichwa kwamba si yeye. Gahongayire akaita jina lingine, sauti ikaitika, akaita lingine, ikaitika, ikawa inaitika kabla jina halijaisha, halafu kabla halijaanza, mara nyuma ya watu, mara katikati yao, mara karibu na shingo yake kiasi kwamba alihisi baridi ya pumzi kwenye nywele, na wale watu wazima, wenye watoto, wenye misuli ya kubeba ng'ombe mzima, wakawa wameshikana mikono na kulia kimya, kila mmoja akiogopa kulisikia jina lake likienda kwa mwingine.

Akaacha kuita. Hapo ndipo alipojua la kufanya, na mpaka leo ndivyo anavyofanya. Alipita kwa mmoja mmoja, akamshika uso kwa viganja vyake viwili, kama mama anayetafuta homa, akahakikisha una joto na una macho, kisha akamsukuma upande wa pili. Walipoisha wote upande wa pili, Ntare hakuwamo.

"Hesabu imetimia, Madamu!" Ilikuwa sauti ya Ntare, nyuma yake, nzima kabisa, yenye kicheko ndani. "Fungeni milango! Wote tuko!"

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Shefu wenu wa zamu huyo hapo, anaongea. Zimamoto wafunge."

"Namsikia," alisema Gahongayire. "Nionyesheni miguu yake."

Wakageuka. Kulikuwa na ukuta na ukungu.

"Ntare!" aliita.

"Karameee," ikajibu, kwa raha.

"Mugenzi, vaa mtungi. Tunaingia."

"Madamu, Mungu wangu, hiyo ni kutuita."

"Inatuambia tusiingie. Umewahi kuona shetani anakuambia jambo kwa faida yako? Vaa."

Wakaingia, wameshika kamba, ukungu mweupe wa gesi mpaka kiunoni, na pande zote wanaitwa kwa majina yao, kwa upole, na hawakuitika. Walifika kwenye mlango wa chumba cha mashine. Kwenye kioo, kile kiganja cha barafu. Na nyuma ya kile kiganja, uso wa Ntare, aliyeingia humo zamuni na mlango ukamgandia kwa barafu. Alikuwa anapiga mlango kwa ngumi, wakausikia mlango. Alikuwa anapiga kelele, mdomo wazi mpaka kwenye koromeo, mishipa ya shingo imesimama, na hata kamlio hakakutoka. Sauti yake ilikuwa getini, inawaambia watu wafunge.

Walimtoa. Wakamvua nguo zote, wakammwagia maji mengi kama Gahongayire alivyowafundisha, wakampeleka hospitali. Aliishi. Madaktari wakasema gesi imeunguza koo, sauti haitarudi. Labda. Mimi sikusoma udaktari.

Gahongayire alikaa kando ya kitanda chake. "Siku ya Audace," alimwuliza polepole, "wewe ndiye uliyemtuma ndani akagonge valvu iliyokwama, ile koki ya gesi, bila barakoa?"

Ntare akakubali kwa kichwa.

"Ukaitika wewe, ili nisiulize yuko wapi?"

Akafumba macho. Akakubali tena. Baadaye alionyesha kwa mikono kwamba alidhani Audace amepitia mlango wa nyuma. Wote hudhani.

Gahongayire alitoka nje akalia, mara moja, akamaliza. Kisha Ntare alipotoka hospitali, akamshika mkono mpaka kwa Béatha, mama yake Audace, huko Kanombe, akamweleza mama huyo yote, na Ntare amepiga magoti sakafuni.

Béatha alisikiliza bila kupangusa uso. "Nimeelewa, mwanangu," alimwambia Gahongayire. "Lakini nataka nimsikie mwenyewe." Akainama. "Ntare."

Ntare akafungua mdomo. Shingo ikajaa, machozi yakamtoka, pumzi ikapita tupu.

Na nje, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti yake mwenyewe, nzima, changamfu, kama ya mtu aliyekuja kuposa, ikamjibu mama wa marehemu: "Karameee!"

Kule Masoro bado wanakusanyika chini ya kibao cha kijani, na hakuna anayeita majina. Gahongayire anapita akishika nyuso. Ntare wamempa ufagio wa Audace. Alikuwa na deni la neno moja, "ni mimi", wakati ana sauti ya kulisemea. Hakulitoa, akatoa sauti yote. Na aliyelipwa bado anaitumia.