Neno Linalofuata Nzuri

Habari hii nilipewa na Kalunde mwenyewe, binti wa marehemu dada yangu, Jumamosi moja tulipokuwa tukipukuchua mahindi uani kwangu, mwezi mmoja baada ya mambo yenyewe. Kalunde si msemaji. Siku hiyo alisema mpaka gunia likajaa.

Mji wa Itetemia Mpya, nje kidogo ya Tabora, ulikuwa umeweka meza-nuru katika nyumba za wazee. Ukiiangalia miguu ni meza tu, lakini uso wake ni kioo cha kompyuta. Mzee akiketi kunywa uji, kioo kinawaka, kinamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, kisha kinamuuliza habari. Jibu linakwenda zahanati. Likiwa jema, taa ya pembeni inawaka kijani. Likiwa baya, inawaka nyekundu, na muuguzi-mabawa, yaani roboti arukaye, anafika uji haujapoa. Wazee waliipenda. Wengine walikuwa na miaka hawajaamkiwa na mtu.

Sasa, meza haijui kitu mpaka itiwe programu ya kukipanga kioo na kuyapokea maneno. Zilikuwapo mbili zikishindana, Kiota na Mzinga. Zote huria, maana yake msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua bure na kuurekebisha. Na zote ziliandikwa kwa lugha ya vinu. Kalunde alinieleza hivi: katika lugha hiyo kila kipande cha programu ni kinu. Ukitia mahindi unapata unga. Leo, kesho, mtondogoo, mahindi yale yale, unga ule ule. Kinu hakina kinyongo. Na kilichokwisha andikwa hakifutwi. Ukitaka kingine, unakiandika pembeni.

Tofauti yao ilikuwa moja. Mzinga ulisaga kila ulichopewa mpaka punje ya mwisho, ndipo ukajibu. Mzito, na unakula umeme. Kiota kilikuwa kivivu, na uvivu ndio uliokipa sifa. Ukikiambia lete maji, kinauliza ya nini. Kama ni ya kunawa vidole, kinaleta kikombe, mtungi kinauacha kisimani. Kazi isiyohitajika kinaifunga katika kifurushi kiitwacho ahadi, kinaiweka. Kikiulizwa, kitaifungua. Kisipoulizwa, basi.

Kazi ya Kalunde ilikuwa kuzilinganisha. Mtaa wa Mihama uligawanywa: upande wa kisima wakapewa Kiota, upande wa shule Mzinga. Siku kumi na nne. Kisha atie sahihi, na programu moja iingie nyumba elfu thelathini.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne mwenzake wa ofisini, Mwinshehe, alimwita kwenye ubao wa matokeo. Mwinshehe ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, na utani wake hauna likizo.

"Mtani, njoo uone. Kiota chako kinaponya watu."

Upande wa Mzinga taa nyekundu zilikuwa kumi na moja. Upande wa Kiota, kijani tupu kama shamba la mpunga.

"Wazee mia mbili," Kalunde akasema, "siku kumi na nne, hata mafua?"

"Si ndio nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo hadi pwani kwa miguu? Mafua yatawaweza wapi!"

"Na wale wa upande wa shule ni Wazaramo?"

"Wale wamelogwa na Mzinga. Tia sahihi, dada, Bwana Lusinge anaitaka kabla ya adhuhuri."

Kalunde alicheka, lakini kalamu hakuishika. Akatoka kwa miguu kwenda upande wa kisima, kwa Mzee Kapalata, fundi cherehani aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule.

Alimkuta mezani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, umefungwa kipande cha khanga. Chumba kilikuwa na harufu ambayo Kalunde hakutaka kuitaja, hata kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kuamka?"

"Nzuri," akasema mzee.

Meza ilikuwa inasikiliza. Taa ikawaka kijani.

"Nzuri tu," mzee akaendelea, "ila huu mguu. Ulianza na kidonda cha sindano, sasa vidole sivisikii. Mbona huyu mtoto wenu namwambia kila siku? Ananisikiliza vizuri, ananiwashia taa. Nikasema, wakubwa wanajua."

Kalunde akaitazama ile taa. Akakaa chini sakafuni.

Kwetu nani hujibu mbaya? Hata mwenye maiti ndani hujibu nzuri kwanza. Nzuri ni mlango wa nyumba. Mgonjwa yumo chumbani, atatajwa mkishaketi. Kiota kilifika mlangoni, kikapata neno kilichotumwa kulileta, kikageuka. Yaliyofuata kilikuwa kinayafunga kwenye ahadi.

Na swali hilo la habari Kiota hakikuja nalo. Waliokiandika, watu wa nchi nyingi wasiojuana kwa sura, waliweka swali kavu: Unaumwa? Kalunde ndiye aliyeona ni utovu wa adabu, kumuuliza mtu mzima anaumwa kabla hata hajameza mate. Akalitoa, akatia: Habari za kuamka? Ofisi nzima ilimpigia makofi.

Akamwita muuguzi-mabawa kwa mkono wake. Muuguzi alipokuwa akimwinua, Mzee Kapalata alimshika Kalunde kiganja.

"Waambie waangalie vizuri. Huo ndio mguu wa cherehani."

Waliukata chini ya goti siku hiyo hiyo.

Ofisini, Kalunde na Mwinshehe wakaanza kuzifungua ahadi, moja baada ya moja. Hakuna kilichopotea. Maneno yote yalikuwamo, masafi, kwa sauti za wenyewe.

"Nzuri, ila leo siku ya tano sijapata choo."

"Nzuri baba, isipokuwa jicho la kushoto."

"Nzuri, mwanangu, ila mume wangu simuoni akiamka. Hebu mnitumie mtu."

Hiyo ilikuwa ya siku ya sita. Mazishi ya mume huyo Kalunde aliyasikia. Alidhani ni uzee. Mwinshehe aliinuka, akatoka nje. Hakurudi na utani.

Bwana Lusinge, mkuu wao, alisikiliza amesimama.

"Basi tia sahihi ya Mzinga. Yamekwisha."

"Hayajakwisha, bwana. Kiota kimechukuliwa."

"Na nani?"

"Na anayetaka. Kile cha Kiswahili, chenye swali langu, nilikiweka wazi siku ya kwanza. Ndiyo desturi ya programu huria. Miji sitini na moja imekichukua."

"Waandikie."

"Nimeandika. Nimetengeneza na kiraka cha kuziba kosa. Lakini aliyekwisha chukua harudi kutazama. Kwake taa ni za kijani. Arudie nini?"

Bwana Lusinge akatafuta kiti.

Msimbo ulikuwa wazi siku zote, Kalunde aliniambia. Mistari saba tu, pale inaposema chukua neno la kwanza. Kila mtu aliweza kuisoma, kwa hiyo kila mtu alidhani mwenzake amekwisha isoma. Yeye pia.

Alizifungua ahadi zote za mtaa, siku mbili mfululizo bila kulala, akiwatuma wauguzi nyumba hadi nyumba. Katika miji ile sitini na moja ulimjibu mmoja tu, ukimshukuru kwa swali zuri lenye adabu.

Alirudi chumbani kwake saa nane mchana, jua linapiga bati. Karibu na kitanda palikuwa na meza-nuru yenye Kiota, aliyoichukua mwanzoni kwa majaribio, akaisahau. Akaketi, akaegemeza kichwa juu ya kioo. Kikawaka.

"Habari za mchana, Kalunde?"

"Nzuri," akasema, kabla hajawaza.

Taa ya kijani ikamwangukia usoni.

"Ila..." akaanza, na usingizi ukamchukua hapo hapo.