Kanda Zilizonong'ona

Kila jioni akitoka shule, Immakulata alivua viatu mlangoni pa duka la baba yake mjini Kasulu, akafuta vumbi jekundu juu ya deki ya video, kisha akakaa kupokea wateja. Baba yake, Kipriani, alipiga video za harusi, na pale dukani kanda ndogo za kamera zilinakiliwa kwenye kanda kubwa za kuchezea nyumbani.

Mwaka ule wa 1997 kazi ya kunakili alipewa Léonard, kijana Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Zamani sauti ilitoka kwenye kamera ikaingia deki moja kwa moja, ikawa hafifu. Léonard aliipitisha kwanza kwenye amplifaya iliyokuwa ikilisha spika ya dukani, ipate nguvu. Kanda za mwanzo zilivuma vizuri. Kisha malalamiko yakaanza.

Siku moja Mzee Nduwayezu alifika kutoka Titye na kanda ya harusi ya bintiye kwapani. Nyimbo zilisikika, alisema, lakini alipoinuka kumuusia binti, sauti ilididimia, na majirani walicheka.

"Niliongea kama mzazi, Kipriani. Humu naonekana nafungua mdomo kama samaki."

Hakuwa wa kwanza kulalamika. Hata shuleni Pasikali, wa darasa la Immakulata, aliwaambia wenzake kwamba anayetaka kusikia harusi iliyorekodiwa kwa akina Immakulata abandike sikio kwenye televisheni.

Kipriani akaanza kumtazama Léonard kwa jicho la pembeni. Mbona kanda ziharibike baada ya yeye kuja? Karibu na stendi kulikuwa na duka jipya la video, labda wenyewe ndio waliomtuma. Akamnong'oneza bintiye, "Tazama mikono yake. Akigusa kitu, niambie. Jumamosi namwachisha kazi, arudi kambini."

Immakulata naye alishaingiwa na shaka. Kwa nini Léonard aliimba peke yake chumba cha nyuma, na kunyamaza mtu akiingia? Alijua pia kwamba Léonard aliwalisha wadogo zake kwa kazi hii, lakini wazo hilo akalisukuma kando.

Kesho yake Léonard alianza kunakili upya kanda ya Mzee Nduwayezu. Alizungusha kitufe cha amplifaya mpaka mshale wa sauti kwenye deki ukasimama mahali pake, akaenda nyuma kutengeneza redio. Macho ya Immakulata yalimfuata hadi mlangoni. Léonard hakugusa kitu kingine.

Mara akaingia shangazi Antoinette. Kwao mkubwa hasalimiwi kwenye kelele. Immakulata alinyoosha mkono, akapunguza sauti, akapiga magoti na makofi ya taratibu. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maharage, za mgonjwa wa Gwarama, mpaka salamu zikaisha zote.

Alipoinuka, aliona mshale umelala. Kanda bado ilizunguka.

Akakitazama kitufe alichokizungusha. Kila jioni wazee waliingia, na kila jioni alipunguza, akasahau kurudisha. Alidhani ananyamazisha spika tu. Kumbe sauti iliyokuwa ikienda kwenye kanda ilipita kwenye kitufe hichohicho.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kukaa kimya, na Jumamosi Léonard angeondoka na lawama yake.

Jioni baba akauliza, "Umeuona mkono wake?"

"Nimeuona wangu, baba," Immakulata akajibu, akaeleza yote huku akitazama sakafu.

Kipriani alikigeuza kitufe mwenyewe, akautazama mshale ukilala. Akamwita Léonard, akamwomba radhi mbele ya bintiye.

"Mie nilisikia kimya, patron," Léonard akasema, akimwita tajiri wake kwa Kifaransa. "Nikafikiri munapokea wageni, mumezima spika tu."

Usiku uleule aliweka swichi kwenye waya wa spika, ili dukani pawe kimya bila kanda kupoteza sauti. Kanda ikanakiliwa upya.

Jumamosi Mzee Nduwayezu aliisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilijaza duka. Watu wa barabarani wakasimama kumsikia akimuusia bintiye. Mzee alimshika Léonard mkono, akacheka.

Kipriani akamgeukia Immakulata. "Nilimshuku mgeni kwa sababu ni mgeni, nikakufundisha na wewe kufanya hivyo. Hilo ni kosa langu. Wewe umelisema lako, na mtu amebaki na kazi yake. Siku nyingine kitu kikiharibika, mwanangu, tutaanza kutazama mikono yetu."