Piki ya Pembe

Kulikuwa na pigo moja la ziada. Enock Semboja alilisikia Jumanne jioni, akiwa ameketi barazani kwake pale Korogwe na gitaa mapajani. Alipiga chini, chini, juu, juu, chini, juu, kama alivyofundishwa, akatua. Mkono ukiwa umeshatulia, nyuzi zikalia tena mara moja, polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu ikaja harufu ya ubani.

"Mama Edna, umechoma ubani?"

"Nimeunguza maharage tu," mkewe Dorkasi akajibu toka jikoni. "Usinisingizie mengine."

Akadhani ni uchovu. Siku nzima alikuwa korona, kwenye mashine ya kusindika mkonge, na mtu akitoka huko masikio yanaendelea kunguruma mpaka usingizini.

Miaka kumi na mmoja alikuwa anapiga gitaa la ridhim kwenye kwaya, na miaka kumi na mmoja alipiga vibaya. Vidole vilikakamaa kwa kazi. Piki, yaani kile kipande cha kuchapia nyuzi, alikuwa anazikata kwenye mifuniko ya madumu, na kila mara zilimponyoka katikati ya wimbo. Glory, mwalimu wa kwaya, binti mdogo kabisa, alimwambia mbele ya watu wote:

"Shikamoo, Mzee Enock, lakini unachapa kama unafukuza mbuzi. Kiwiko kitulie. Kifundo cha mkono ndicho kiende, kama unakung'uta maji baada ya kunawa. Na mkono usisimame, hata pale usipogusa nyuzi."

Kwaya nzima ilicheka, na Dorkasi kwenye mstari wa sauti ya pili akacheka kuliko wote.

Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe hakatai. Mama yake, Mwaija, alikuwa mganga wa pepo huko Mkata. Alipofariki mwaka jana, Enock, mzee wa kanisa, alikwenda na wenzake wakachoma tunguli, ngoma na vitambaa vyekundu uani, huku wakiimba. Lakini pembe moja ya ng'ombe, nyeusi, laini kwa kushikwa miaka mingi, aliitia kwenye koti. Si kwamba aliiamini. Aliionea huruma tu. Mtu aliyekulia kambi ya mkonge hatupi kitu kigumu kinachoweza kuwa mpini. Mchungaji alipouliza kama vyote vimeungua, akasema ndiyo. Baada ya kuchekwa vile akaikata kwa msumeno, akaisugua kwa msasa, akapata piki, na Jumanne ile ndiyo siku aliyoanza kuipigia.

Ile piki haikuponyoka. Kifundo kikalegea chenyewe. Ndani ya juma moja mkono ulikuwa unateremka na kupanda bila yeye kuufikiria, na Glory akasema, "Mzee, umekunywa nini? Tugawie na sisi." Ila mapigo yalikuwa yanainama kidogo, hayakai sawa na wimbo, na kila alipofanya mazoezi ubani ulinuka. Tena Dorkasi alianza kuchezesha mabega akiwa anaosha vyombo, na alipoulizwa alisema hajui.

Jumapili walipoimba wimbo wa sadaka, Enock aliona mabega ya mkewe yanaanza, akaona, akasema moyoni nitapunguza, lakini mkono ulikuwa mtamu na watu walikuwa wanapiga makofi na alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kuchekwa, basi hakupunguza, akaongeza, mpaka kichwa cha Dorkasi kikaanza kuzunguka shingoni na kilemba kikamwanguka na sauti isiyokuwa ya kike wala ya kiume ikaanza kumpanda kooni. Glory akainua ngumi kukata wimbo. Enock akasimamisha mkono.

Dorkasi akaganda, mdomo wazi, kichwa kimelala begani.

Fahamu hazikumrudia. Walimbeba mpaka nyumbani, akakaa kitandani hivyo hivyo. Hali chakula, hasemi. Macho yake yalifuata kitu kimoja tu, mkono wa kulia wa mumewe. Mchungaji aliomba siku tatu mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne Enock alimpigia simu Bi Faudhia wa Mkata, aliyekuwa akimwitikia mama yake nyimbo za ngoma, akamweleza habari ya pembe. Bibi akapanda basi, akafika, akamtazama mgonjwa mlangoni bila kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akashusha sauti. "Nani aliyekata ngoma?"

"Haikuwa ngoma. Ilikuwa gitaa. Kanisani."

"Pepo hana habari na kanisa lenu. Akiitwa kwa mapigo yake anapanda, na akishapanda mapigo hayakatwi mpaka aseme haja yake ateremke. Ninyi mmemkata njiani. Yuko kooni kwa mkeo, hapandi wala hashuki."

"Mchungaji ameomba sana."

"Ulimwambia kwamba una pembe ya mama yako?"

"Sikumwambia."

"Basi mtumishi wa watu alikuwa anaomba gizani," Bi Faudhia akasema. "Chukua gitaa. Na ukianza, usithubutu kupumzika."

Ilikuwa saa nane mchana, bati linalia kwa jua. Walifunga madirisha. Enock akasema, "Bwana, nisamehe," akaanza, chini, chini, juu, na mkono ukaichukua njia ile ya kuinama kama punda anayejua kwao, na ubani ukajaa chumba ingawa hapakuwa na moto popote, na mabega ya Dorkasi yakaamka, na Enock akapiga mpaka kifundo kikawaka na jasho likamwingia machoni na hakuweza kulifuta, akapiga huku Bi Faudhia anaitikia kwa Kizigua kwa sauti ya chini kabisa, mpaka mdomo uliokuwa wazi siku nne ukafunga, ukameza, ukafunguka tena.

"Nimechoka," ile sauti ikasema.

"Pole," Bi Faudhia akajibu. "Wa wapi wewe?"

"Nilikaa kwa Mwaija miaka arobaini. Mmechoma kila kitu changu, sina pa kukaa."

"Unataka nini?"

"Kiti. Huyu mwanamke anafaa. Amezoea kubeba."

"Muache," Enock akasema, mkono haujasimama.

"Nyamaza, Enock," bibi akanong'ona.

"Muache mke wangu. Kaa kwangu. Kaa hapa kwenye mkono."

Baridi ikampanda toka kwenye kucha hadi kwenye kiwiko. Dorkasi akaanguka ubavu, akakohoa, akafumbua macho.

"Mbona mmefunga madirisha na joto lote hili? Nipeni maji."

Jumapili iliyofuata Enock alisimama mbele ya washarika, akakiri pembe na akakiri uongo. Piki ilichomwa nyuma ya kanisa. Akaacha uzee wa kanisa, akaacha na gitaa. Lile patano hakulikiri. Aliona aibu, na Dorkasi alikuwa amekaa pale pale, anamtazama kwa huruma.

Tangu siku hiyo husalimia watu kwa mkono wa kushoto, na watu wanasema siku hizi Semboja ana dharau. Wa kulia hukaa mfukoni.

Leo jioni Dorkasi alirudi toka shambani amechoka, akanyoosha mguu kwenye mkeka.

"Baba Edna, nikande goti."

Akamkanda kwa kushoto.

"Na huo mwingine?"

"Unauma."

"Masikini. Lete niushike mimi." Kabla Enock hajajitoa, Dorkasi alishautoa mfukoni, akaulaza juu ya goti lake, akaufunika kwa viganja vyake viwili. "Ulivyo wa baridi. Nilikuwa nataka kukuambia, yale maharage ya kule bondeni yameanza ku..."

Hakumaliza. Chini ya viganja vyake kidole gumba kilikuwa kimejibana pembeni ya kidole cha shahada, na kifundo kimeanza, taratibu, chini, chini, juu. Begani kwa Dorkasi kichwa kikalala.

Enock hakuuvuta mkono. Kuukatisha hawezi, pepo asije akakwama tena kooni kwa mkewe. Kuna jua la nusu saa bado, na kesho zamu yake korona inaanza saa kumi na mbili asubuhi.