Moto wa Juni Katika Miti ya Mapadri

Asubuhi ile Adela alipoinama jikoni kuzoa majivu, hakukuta majivu. Kuni za jana zilikuwa zimeungua zote na mafiga yalikuwa bado na joto, lakini katikati palikuwa pasafi kama sahani iliyolambwa. Alimwita mumewe. Ndimyake akachungulia, akasema ni upepo, akaenda zake kazini.

Upepo! Mlango ulikuwa na komeo, na dirisha la jiko lile ni tundu la kupitisha mkono. Lakini Ndimyake alikuwa msomi, mtoto wa Mbeya aliyeletwa Ufipa kuwa bwana miti, na alikuwa na tabia ya kudhani kwamba akishalitaja jambo amelimaliza.

Kazi yake ilikuwa kulinda miti ishirini na mitatu. Mapadri wa kizungu walileta mbegu zake kutoka Amerika miaka zaidi ya mia iliyopita, wakazipanda kwenye kilima kitupu, si mbali na Chala. Hawakujiuliza kwa nini Wafipa, wanaolima popote jembe linapoingia, walikiacha kilima hicho. Pale palikuwa na mwenyewe, jini mla moto. Kila Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, bibi mmoja wa ukoo uleule aliwasha moto mdogo wa kumlisha, na miti ya mapadri ikakulia ndani ya moto huo, magome yake mekundu yakinenepa, mpaka ule mkubwa watu sita hawakuweza kuuzungushia mikono. Ikaupenda moto. Vitunda vyake vigumu havikufunguka mpaka vipate joto, na mbegu haikuota mpaka iangukie penye majivu. Jini na miti wakapatana.

Ndimyake alipofika, akapigilia bango: MOTO MARUFUKU. Bibi Bertila, ambaye zamu ya kuwasha ilikuwa yake, alimfuata ofisini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bwana miti, umemnyima chakula."

"Msitu wa hifadhi hauchomwi, bibi. Ni sheria."

"Haya. Akisikia njaa umpe hiyo sheria aile."

Miaka mitatu ikapita bila moto. Nyasi zikafika kifuani, na chini ya miti ile hapakuota hata mche mmoja. Ndipo majivu ya Adela yalipopotea, na wiki hiyohiyo majiko ya kijiji kizima yakakutwa matupu. Kisha ikaja harufu ya utomvu unaoungua, na ndani yake harufu ya nywele. Adela alikwenda parokiani kuchukua maji ya baraka, akayanyunyizia mafiga yaliyopoa tangu jana. Maji yalichemka kabla hayajagusa chini, na kitu kikavuta pumzi ndefu pale katikati. Tangu hapo viganja vyake vikawa vya moto, na binti yao Sharon, wa miaka minne, akakataa kubebwa naye.

Alhamisi moja ya Agosti, saa sita mchana, upepo ukivuma kilimani, Ndimyake akasikia mlinzi wake Urbano akipiga ukelele mmoja tu. Alimkuta ndani ya pango la mti mkubwa, ameketi, vifungo vya sare vimefungwa vyote.

"Urbano? Ndugu yangu?"

Akamshika bega, na bega likabonyea, mkono wa Ndimyake ukazama ndani ya shati mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu chini ya shati hapakuwa na nyama wala mfupa, palikuwa na majivu tu, ya moto, laini, na uso uliobaki na ngozi yake ukamtazama kwa macho yaliyopasuka mpaka taya likadondoka mapajani na majivu yakamwagika kooni, na mahali ulimi ulipokuwa pakasimama kitu kidogo cha kijani chenye majani manne. Ulikuwa mche wa kwanza katika miaka mitatu.

Ndimyake akakimbia nyumbani. Sharon alikuwa mlangoni peke yake.

"Mama yuko wapi?"

"Kaenda kwenye miti," mtoto akanong'ona. "Anatoa moshi mdomoni."

Akamwacha kwa jirani, akapanda kilima tena, na pale kwenye bango akamkuta Bibi Bertila ana kijinga cha moto mkononi. Ndani ya pango, juu ya kile kilichobaki cha Urbano, Adela alikuwa amesimama, nywele zikifuka moshi.

"Shika uwashe," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyezima."

"Mke wangu yumo mle!"

"Namwona. Jini akipata moto wa nje, ataacha kuwasha wa ndani. Harakisha, baba."

"Na upepo huu? Na nyasi hizi? Atakufa!"

"Na Urbano je, amekufaje bila moto wa nje?"

Ndimyake alimpenda Adela kuliko kitu chochote, na alikuwa analia alipokitupa kijinga. Moto haukuwa ule mdogo wa Juni. Miaka mitatu ya nyasi ilinyanyuka kwa pamoja, ikanguruma, ikaramba magome mpaka juu, ndege wakaanguka wakiwaka, na katikati ya mngurumo ule Adela akapiga mayowe kwa sauti yake, kisha kwa sauti ya Urbano, kisha kwa sauti nene isiyo ya mtu, akijigonga kichwa kwenye ukuta wa pango, tena na tena, mpaka damu ikachemka usoni pake, na Ndimyake akawa anavutwa na Bibi Bertila kwa mkanda wa suruali asiingie, huku vitunda vikipasuka juu na mbegu zikinyesha juu ya majivu.

Moto ulipopita, miti yote ishirini na mitatu ilikuwa imesimama. Adela akatoka akitembea. Hakuungua hata kope.

"Ameondoka?" Ndimyake aliuliza, amemkumbatia.

"Yule hafukuzwi," alisema Bibi Bertila. "Hushibishwa mpaka Juni nyingine." Alimtazama Adela kwa muda mrefu.

Polisi waliandika kwamba Urbano aliungulia katika moto wa nyasi. Desemba, mvua zilipokolea, kilima kikajaa miche maelfu, na Ndimyake akaling'oa bango kwa mikono yake. Adela alikuwa anaimba tena kwaya. Sharon alianza kukubali kubebwa.

Asubuhi moja ya Januari Ndimyake aliamka, kitanda kikiwa kitupu upande wa pili. Harufu ya nywele zinazoungua ilijaa nyumba. Jikoni, mafiga yalikuwa ya moto na katikati pasafi. Adela alikuwa ameketi kando, midomo ya kijivu, amempakata Sharon aliyesinzia, akimpapasa kichwa taratibu.

"Juni mbali, Baba Sharon," alisema kwa upole. "Nimejitahidi kuvumilia."

Ndimyake alichukua kiberiti, akakimbia mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tisa mfululizo, na kilima kizima hakikuwa na jani kavu la kuwasha.